CD imewaka!

Jamani, usiku wa kuamkia leo, hapa Wete, kompyuta kuukuu ya ami imewaka kwa CD niliyoichoma mwenyewe, yenye mfumo endeshi ninaouandika, ikaandika "Hujambo Pemba" kwa herufi nyeupe. Nimesujudu pale pale.

Wiki tatu kipakiaji changu, yaani programu ndogo inayoanza kwanza na kuuleta mfumo kwenye kumbukumbu, kilikuwa kikiwaka kwenye flopi ya kuigiza tu (diski ya kizamani, isiyo halisi). Kwenye CD, kioo cheusi. Sababu nimeiona jana baada ya isha: flopi husomwa kwa sekta (vipande vya data) za baiti 512, CD kwa sekta za baiti 2048. Mimi nikihesabu kwa 512, basi kila nikiomba kiini cha mfumo, sehemu yake kuu, naletewa kitu chengine kabisa!

Utaratibu wenyewe, El Torito wa mwaka 1995 wa kuwasha kompyuta kwa CD, ni mzuri ukishauelewa. Bayosi, programu ya kuwashia iliyomo ndani ya kompyuta, huenda sekta ya 17, ikaonyeshwa iliko orodha ya kuwashia, ndipo ikapakia msimbo wako kwenye anwani ya kumbukumbu 0x7C00. Namba ya kiendeshi huachiwa kwenye rejista ya DL, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa. Ihifadhini kabla hamjagusa chochote, nakusihini.

CD nane zimeharibika, moja umeme ulikatika katikati ya kuchoma. Mama kazitundika bondeni kwenye mpunga, zifukuze ndege.

Ijumaa baada ya sala naanza kusoma mafaili.