Siku Mama Aliponisindikiza kwa Daktari

Nilikuwa na miaka 34 nilipomwomba mama anisindikize kwa daktari. Daktari ndiye aliyetaka hivyo. Siku ya kwanza alinieleza kuwa ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuweka umakini au kutulia, haianzi ukubwani. Mtu mzima hutafutiwa angalau dalili tano kati ya tisa, ama za kukosa umakini ama za kutotulia, na baadhi ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12. Kwa hiyo maneno yangu peke yangu hayakutosha. Alimhitaji aliyenilea, na ripoti za shule kama zipo.

Zilikuwepo. Mama alizitoa kwenye bahasha iliyochakaa pembeni, zikiwa zimepangwa mwaka kwa mwaka. Darasa la tatu: anaelewa haraka ila hamalizi kazi. Darasa la nne, mwandiko wa mwalimu mwingine, maneno karibu yale yale. Daktari alizisoma zote bila haraka, kisha akamgeukia mama.

"Kazi za shule alikuwa anazifanyaje nyumbani?"

"Peke yake hafanyi," mama akajibu. "Nilikuwa nasogeza cherehani mezani, nakaa kando yake nashona. Simsaidii, hesabu zenyewe sizijui. Ila nikiinuka tu, naye huyo, hayupo. Na kumtuma, namtuma jambo moja. Ukimpa mawili, la pili limeshapotea njiani."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia kwamba hayo ndiyo wao huwafundisha watu wazima: kufanya kazi akiwepo mtu mwingine karibu, na kuikatakata kazi vipande vidogo. Mama alikuwa ameyagundua mwenyewe, mezani kwake.

Nilidhani atafurahi. Alitazama zile ripoti, machozi yakamlengalenga.

"Na siku zote zile nilizomwita mvivu?"

Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tu. Moyoni nilikuwa nahesabu mambo mengine: kazi mbili nilizopoteza, bili zilizokaa mezani hadi huduma ikakatwa ingawa pesa ilikuwepo, marafiki waliochoka kuningoja. Yote yalianza nilipohama nyumbani nikiwa na miaka 19. Miaka 15 niliamini kwamba nimeharibika tabia. Kumbe nilihama nikaiacha cherehani nyuma.

Dawa nilianza wiki iliyofuata, na ninaishukuru. Kidonge changu cha methilfenideti hufanya kazi kwa saa nne hivi, na katika saa hizo kuanza jambo si vita tena. Lakini kidonge hakinichagulii la kuanza nalo. Naweza kuzimaliza saa zote nne nikipanga upya kabati la vitabu.

Jioni ya siku ile mama alilala kwangu. Nilikuwa na ripoti ya ofisini iliyochelewa wiki tatu, nami nilikuwa nimeshaifungua na kuifunga mara zisizohesabika. Sikumwambia kitu. Yeye akaokota shati langu lililofumuka pindo, akaomba sindano na uzi, akavuta kiti hadi mezani.

"Haya, anza na ukurasa wa kwanza," akasema. "Huo tu."

Nikaanza. Nilipoinua kichwa, saa mbili zilikuwa zimepita na nilikuwa ukurasa wa sita. Pindo alishalimaliza zamani. Alikuwa amekaa palepale, anakaza vifungo ambavyo havikuwa vimelegea.