Mwanamke Asiyetazamwa

Jana nimelala saa nane za usiku kwa sababu ya maiti ya karne ya 19. Ni riwaya ya upelelezi, Uingereza ya zamani: mwenye nyumba kafa, daktari kasema ni tumbo tu, na mjane wa jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, keshajua ni sumu. Kurasa mia za mwanzo nilizimeza. Kisha mama yule akaingia chumba cha maiti, inspekta akampisha na kumwomba maoni yake. Nikazima taa kwa hasira. (Robo saa baadaye nikaiwasha.)

Hasira yenyewe ni hii: nchini humo mwanamke hakuruhusiwa kukaa kwenye baraza la mahakama, lile la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, mpaka sheria ya mwaka 1919. Nani angempisha? Mwandishi akishamfungulia kachero wake milango yote, mimi ananinyima uhondo. Nataka mlango wa mbele ufungwe, apitie jikoni.

Na jikoni ndiko mambo yaliko. Aseniki ilikuwa sumu ya panya ya kawaida majumbani, unga mweupe usio na ladha ya kuutambulisha, na aliyelishwa alitapika na kuharisha kama mgonjwa wa kipindupindu. Mkemia James Marsh alitangaza kipimo chake cha kuigundua mwaka 1836, lakini kipimo hakina maana kama hakuna anayeshuku. Sheria ya mwaka 1851 ikamtaka muuzaji aandike jina la mnunuzi, na unga ule uchanganywe na masizi au nili. Kachero mwanamume angedai daftari la duka. Huyu wangu hana ubavu huo. Ila ndiye atakayesikia mtumishi akilalamika kwamba kikombe cha maziwa kimebaki na utando wa bluu usioeleweka.

Wala si ndoto za watunzi tu. Mwaka 1856, mjini Chicago, Kate Warne alikwenda kwa Allan Pinkerton, mwenye kampuni ya wapelelezi, kuomba kazi ya upelelezi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke anaweza kujenga urafiki na wake wa wahalifu, akasikia ambayo mwanamume hatasikia. Akaajiriwa. Mwaka 1861, Abraham Lincoln aliposafirishwa usiku kupita Baltimore kukwepa njama ya kumuua, Warne alikuwemo kwenye treni, akijifanya dada wa abiria mgonjwa. Nani angemtilia shaka dada anayeuguza?

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye riwaya hizi, na mara nyingi napewa msichana wa leo aliyevikwa gauni refu.

Hata hivyo, nimebakiza kurasa themanini na nitazimaliza usiku huu. Mjane ameanza kuzungumza na mfuaji nguo, jambo linalonipa matumaini. Ninamshuku mpwa wa marehemu, yule ambaye kila mara hujitolea kubeba sinia la chai mwenyewe.