Mpira wa Levo na Pampu ya Leipzig

Mjomba wangu wa Tabata ana kisima nyuma ya nyumba na tenki la lita 2,000 juu ya mnara. Kila nikirudi Dar likizo, maongezi yetu huishia kwenye mapampu. Yeye ni fundi bomba tangu sijazaliwa, na mimi huko Ujerumani riziki yangu ni mifumo ya maji ya moto inayopasha nyumba joto.

Safari hii nilimsimulia nyumba moja ya Leipzig, ya ghorofa tatu, ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mabomba manene, rejeta nzito za chuma za kupasha vyumba joto. Pampu yake ilikufa, na fundi aliyenitangulia akafunga kubwa ili maji yafike juu. Tangu hapo valvu za rejeta zikawa zinapiga mluzi usiku kucha, na bibi mwenye nyumba hapati usingizi.

"Sasa mjomba, ghorofa tatu hizo," akaniuliza, "maji si lazima uyapandishe?"

Nikauchukua mpira wa levo, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, uliokuwa ukutani, nikautia maji, nikashika ncha zote mbili juu. Maji yakatulia sawasawa pande zote. Nikamwambia, mfumo ule ni mzunguko uliofungwa na umejaa maji. Yanayoshuka upande huu karibu yanalingana uzito na yanayopanda upande ule, kwa hiyo pampu hainyanyui kitu. Inashindana na msuguano wa mabomba tu.

Na nyumba ile zamani haikuwa na pampu kabisa! Maji ya moto ni mepesi, yalipanda yenyewe, yakipoa yakashuka. Kati ya maji ya digrii 80 na ya digrii 60, tofauti ni kama kilo 11 kwa mita ya ujazo. Kwa kimo cha mita 6, msukumo wote ni sawa na wa maji yenye kina cha sentimita 6 au 7. Nikampimia kwa vidole. Mjomba akavitazama vidole vyangu muda mrefu.

Ndiyo maana hesabu ya pampu huanzia kwenye joto. Unatafuta nyumba inapoteza kilowati ngapi siku ya baridi kali (usisome kibandiko cha boila, yaani mtambo wa kupasha maji, maboila ya nyumba za zamani mara nyingi ni makubwa kupita mahitaji), unazidisha kwa 860, unagawanya kwa tofauti ya digrii kati ya maji yanayotoka na yanayorudi. Kilowati 20, tofauti digrii 20: lita 860 za kuzungushwa kwa saa. Ndoo moja ya lita 20 inachukua karibu dakika moja na nusu. Kwa mabomba mapana vile, hata ukijumlisha valvu mpya, msukumo sawa na wa maji yenye kina cha mita moja hadi mbili unatosha. Ile iliyofungwa ilikuwa ya mita 6, ndiyo maana valvu zilipiga mluzi.

Nilifunga ndogo, inayojirekebisha yenyewe valvu zikijifunga. Kesho yake bibi yule alinipigia simu saa moja asubuhi kuniambia amepata usingizi.

"Na hii yangu?" mjomba akauliza, akielekeza kidole kwenye mnara.

Nikamjibu, yako inamwaga maji juu, Mjomba, hayarudi kisimani. Hapo kimo kinahesabiwa, kila mita, kuanzia usawa wa maji kisimani.

Akaumwagia mchicha maji ya mpira, akaenda kutafuta kamba ya kupimia kisima.