Chupa Iliyogoma Kisumu

Aprili 2006 nilisafiri kutoka Nakuru hadi Kisumu nikiwa nimepakata chupa ya jemu. Nje nilikuwa nimeivika foili, kifuniko nimekitoboa kwa msumari, na chini ya msumari unaning'inia waya. Mama aliyeketi kando yangu kwenye matatu aliitazama kwa jicho la wasiwasi tangu stendi. Tulipokaribia Kericho akashindwa kuvumilia. "Kijana, hiyo ni dawa ya nini?" Nikamwambia ni ya fizikia. Hakuniuliza lingine hadi aliposhuka Ahero.

Nilikuwa kidato cha tatu, na muhula huo tulikuwa tumesoma kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kwa vibao viwili visivyogusana. Mwalimu wetu alichora mistari miwili sambamba ubaoni, akaacha nafasi katikati, kisha akasema: "Hapa wavulana. Hapa wasichana. Katikati ni ua wa shule." Hata waliokuwa wakisinzia waliamka. Chaji hasi ziko upande huu, alisema, na chanya upande ule. Zinavutana, zinatamani kukutana, ua umezizuia. Basi zinajibanza uani, kila kundi upande wake, wala hakuna anayetaka kurudi bwenini. Ua ukiwa mrefu, wengi watapata pa kujibanza. Ukiwa mwembamba, mvuto unakuwa mkali na umati unaongezeka. Ila ukizidisha msukumo, ua utavunjika. Hewa kavu, kwa mfano, husalimu amri ikibanwa kwa takriban volti 3,000 kwa kila milimita, na hapo ndipo cheche huruka. "Na wakipata njia ya kuzunguka," akamalizia, "mbio zitakazopigwa mnazijua wenyewe."

Nimesahau mengi ya kidato cha tatu lakini si ua ule. Kitabu chetu kilichora vibao vya kapasita kwa wino mzito, katikati kikaacha peupe, kana kwamba pale hapana kitu. Kumbe patupu pale ndipo penye mambo yote. Uga wa umeme, yaani eneo ambamo mvuto wa chaji hufanya kazi, umo mle, na nishati inayohifadhiwa imo katika uga huo. Ukitia kioo mahali pa hewa, molekuli za kioo zinajipanga upya kidogo, upande wao hasi ukielekea kwenye chanya, na chombo kile kile kinabeba chaji mara kadhaa zaidi kwa volti zile zile. Wala hakuna chaji inayopenya kioo. Hilo lilinikosesha usingizi: kitu kinafanya kazi kwa sababu hakipitiki.

Chupa yenyewe, ambayo ni kapasita ya kioo, si ubunifu wangu. Ewald von Kleist aligundua jambo hili mwaka 1745, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek akaligundua kivyake katika mji wa Leiden, Uholanzi, ambao ndio uliipa chupa jina. Siri yake ilikuwa mkono. Walioishika chupa mkononi walipokuwa wakiijaza umeme ndio waliotupwa na stima, kwa kuwa mwili ulikuwa umegeuka kibao cha pili bila wao kujua. Mimi foili ilinisaidia kazi hiyo, na ndani nikatia maji ya chumvi. Kuijaza nilitumia kipande cha bomba la plastiki la maji. Nilikisugua kwa sweta ya shule kikachukua elektroni, zile chembe zenye chaji hasi, nikakipitisha juu ya kichwa cha msumari, tena na tena, mara hamsini, sitini. Elektroni zilishuka majini, zikazisukuma nyingine za kwenye foili zikimbilie ardhini kupitia mkono wangu, na upande wa nje ukabaki chanya.

Nakuru mwezi wa Februari ilikuwa raha tupu. Hewa kavu, vumbi, blanketi linalotoa cheche usiku ukilivua. Chupa ilitoa mlio kama kijiti kikavu kinachovunjwa, na cheche ya milimita tatu hivi ikaruka. Hiyo ni takriban volti 10,000. Msishtuke. Chupa kama ile ina uwezo wa kubeba chaji wa kama pikofaradi 500 tu, na ungehitaji chupa bilioni 2 kufikisha faradi moja. Nishati yake ni kama jouli 0.025: inauma, haiui. Kapasita kubwa iliyo ndani ya runinga ya zamani ndiyo ya kuogopwa, maana inaweza kubeba jouli zaidi ya 10 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Basi nilikwenda kujigamba. Shangazi yangu aliishi Nyalenda, akiuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, na wanawe wanne walikuwa wameshaambiwa kwamba binamu wa Nakuru anakuja na radi ndani ya chupa. Jioni ile ile wakakaa duara. Nikasugua bomba. Nikapitisha mara mia. Nikasogeza kijiko kwenye msumari.

Kimya.

Nikasugua tena hadi sweta ikaanza kutoa manyoya. Kimya. "Umesafirisha maji ya chumvi kutoka Nakuru?" akauliza binamu mkubwa. "Hapa ziwa liko, ungetuambia tu." Mdogo wao alicheka akalala sakafuni. Nililaumu bomba, nikalaumu waya, nikafungua chupa na kuifunga. Nilikuwa nimebeba fomula zote kichwani na hakuna hata moja iliyoniambia pa kutazama.

Shangazi alikuwa mlangoni akigeuza omena kwenye gunia, amenuna kwa shughuli zake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Bila hata kututazama akasema, "Wiki hii hata hizi hazikauki. Kitu kikikaa nje saa moja, kimelowa."

Nikaipapasa shingo ya chupa. Ilikuwa kavu kwa mkono, lakini si kavu kwa umeme. Kioo hupenda maji, na hewa ya Kisumu mwezi wa nne humpaka kila mtu utando asiouona. Juu ya kioo, kutoka msumarini hadi ukingo wa foili, palikuwa na kijia chembamba cha unyevu. Ua haukuwa umevunjika. Kulikuwa na lango la jikoni lililoachwa wazi, na wavulana walikuwa wakitoroka mmoja mmoja huku mimi nikileta wengine kwa jasho.

"Shangazi, naomba jiko."

"La kupikia nini?"

"La kukaushia chupa."

Alinitazama kitambo, akasogeza sufuria. "Usiilete karibu hivyo, itapasuka." Tuliigeuzageuza chupa tupu mbali kidogo na makaa, tukapasha na bomba, na sweta nayo. Kisha nikayeyusha mshumaa, nikaipaka shingo na kifuniko nta, maana maji hayakai juu ya nta. Nikarudisha maji ya chumvi kwa uangalifu nisimwagie shingo. Mara hamsini za bomba. Kijiko.

Pa!

Mdogo aliyekuwa akicheka akaruka nyuma ya kochi. Nikawaeleza habari ya mtawala wa Ufaransa, Louis XV, aliyetazama walinzi wake 180 walioshikana mikono wakirushwa pamoja kwa chupa kama hii, mwaka 1746. Mara tukawa tumeshikana sisi sita, shangazi akiwa wa mwisho, kwa kuwa alisema hawezi kuogopa chupa ya jemu. Mimi nilishika foili, yeye akagusa msumari. "Yawa!" Mikono ikaachana kwa mpigo mmoja. Binamu wa katikati, aliyesimama peku kwenye saruji yenye unyevu, aliapa kwamba hakusikia chochote, akadai turudie.

Tulirudia hadi makaa yakafifia. Baada ya mara ya mwisho nikaiweka chupa mezani, nikatangaza kwa sauti ya mtaalamu kwamba sasa imekwisha, ni tupu kabisa. Shangazi akaishika kwa mkono mmoja ili aiondoe, na wa pili akaukamata msumari afungue kifuniko.

Pa. Ndogo, lakini pa.

Aliirudisha mezani polepole. "Mtoto wa kaka," akaniuliza, "nani amebaki humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Shule zilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu swali hilo, akacheka sana. Alisema kioo hakilegei papo hapo. Kikikaa muda kikivutwa na uga, baadhi ya molekuli huchelewa kurudi zilikokuwa, na zikirudi, chaji kidogo hujitokeza tena kwenye vibao. "Kengele imelia," alisema, "lakini wapo waliokuwa wamejificha vichakani."

Chupa sikurudi nayo Nakuru. Asubuhi niliikuta dirishani, foili ingali imeivaa, msumari umeng'olewa, imejazwa pilipili.