Bei ya karata inayofuata

Usiku huu akili yangu iko kwenye poka, ile ya Texas ambayo ndiyo wengi huanza nayo. Anayetoka kwenye arubastini hutafuta turufu. Hapa hakuna, kopa, uru, shupaza na pau zote zina nguvu sawa.

Karata 52 zikishachangwa, wawili wa kushoto kwa mgawaji huweka dau la lazima, tuseme 50 na 100. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha huamua: kutupa, kulipa 100 au kupandisha. Hufunuliwa tatu mezani, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila mara dau huzunguka upya. Mwishoni unachukua tano bora kati ya saba.

Nguvu hupanda hivi: karata kubwa tupu, jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, mfuatano wa namba tano, tano za aina moja (shupaza tupu, tuseme), tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, mfuatano wa aina moja. Kinachopanga nguvu hii ni uadimu: katika michanganyiko yote 2,598,960 ya karata tano, mifuatano ya kawaida ni 10,200, na tano za aina moja ni 5,108 tu. Ree huanza mfuatano au huumaliza, ila haikai katikati: mfalme, ree, mbili si kitu.

Hayo hushikwa haraka. Kinachoniuma ni kuona watu wakilipa bila kujua bei. Una shupaza mbili mkononi, nyingine mbili ziko kati ya nne za mezani. Hujaziona karata 46, na 9 kati yake ni shupaza, yaani nafasi yako ya kupata ya tano haifiki asilimia 20. Katikati kuna 300, mpinzani anaongeza 150. Utalipa 150 kuwania 600: robo nzima, kubwa kuliko nafasi yako. Tupa, isipokuwa una hakika atakulipa tena vizuri shupaza ikitoka. Angeweka 50, ungelipa 50 kuwania 400, na hapo kuendelea ni halali kabisa.

Halafu kuna kiti. Baada ya tatu za mezani kufunuliwa, mwenye kiti cha mgawaji huamua wa mwisho, akiwa ameshaona wengine wamefanya nini. Kwa hiyo anaweza kuingia na tisa na nane za aina moja. Anayetangulia asubiri jozi kubwa, au ree na mfalme.