Kumbukumbu ya mradi: Grande ya 1JZ, zamu ya mafuta

Wadau, tuendelee. Injini ya 1JZ-GTE, ya Toyota yenye turbo, imeshakaa ndani ya GX100, yaani Mark II Grande yangu, gia boksi imefungwa, rejeta kubwa iko mahali pake. Kilichonishika muda mrefu kuliko vyote ni mafuta. Kila anayepita gereji hapa Kizota, Dodoma, ananiuliza turbo itasukuma presha kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza petroli ya kulisha hiyo presha itatoka wapi.

Kutoka kiwandani injini hii ina nozeli, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini, za takribani cc 380 kwa dakika, na kwa farasi 280 za Kijapani zinatosha. Mimi nataka karibu 400. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, joto ndani ya silinda linapanda, injini inaanza kugonga, na siku moja unafungua unakuta pistoni ina tundu. Kwa hiyo nimeweka nozeli sita za cc 550. Nozeli hupaswi kuiacha wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda, la sivyo inapata joto na kompyuta ya injini inapoteza uwezo wa kuitawala. Piga hesabu: 6 mara 550 mara 0.85 ni cc 2,805 kwa dakika, sawa na lita 168 kwa saa. Hiyo ndiyo namba niliyoiandika ukutani kwa chaki. Pampu lazima iivuke, na iivuke ikiwa chini ya presha.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa Dodoma tunalisahau. Mji wetu uko juu ya bahari kwa mita 1,100 na ushee, hewa ni nyepesi, kama kilopaskali 89 hivi wakati Dar ni 101. Springi ya turbo yangu inaachia kwenye baa moja (kilopaskali 100) juu ya hewa ya nje. Maana yake hapa injini inapata jumla ya baa 1.89, lakini gari hilohilo nikilipeleka Dar linapata 2.01. Hewa imeongezeka kwa asilimia 6 hivi bila mtu kugusa boliti yoyote. Ukipima mafuta yako hapa ukaona yanatosha kwa kubanabana, ukashuka pwani, yanapungua. Nimeamua kila kitu kipimwe kwa ajili ya Dar, Dodoma itafaidi ziada.

Pampu ni ile ya kukaa ndani ya tenki, ya lita 255 kwa saa. Kwa jinsi pampu za bandia zilivyojaa madukani, maandishi ya kwenye boksi siyaamini, nayaamini maji kwenye ndoo, yaani petroli. Kipimo chenyewe ni rahisi na nawashauri wote. Nilichomoa mpira wa kurudishia mafuta tenkini, nikauelekeza kwenye galoni lenye mistari ya lita, nje kabisa ya gereji, betri ikiwa na chaja mbali na pale na mtungi wa kuzimia moto miguuni. Regyuleta, kifaa kinachotawala presha ya mafuta, niliiseti baa 3. Sasa, turbo ikisukuma baa moja kwenye manifodi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), regyuleta nayo inapandisha mafuta hadi baa 4, ili nozeli iendelee kuona tofauti ileile ya baa 3. Nitaigizaje hilo injini ikiwa imezimwa? Pampu ya baiskeli. Nilichukua mpira mdogo wa vakyumu wa regyuleta, nikauunga kwenye pampu ya baiskeli ya jirani yenye geji, kijana wa gereji akajaza mpaka baa moja akashikilia, na sindano ya geji ya mafuta ikapanda taratibu kutoka 3 hadi 4 mbele ya macho yetu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku injini ilipofika.

Furaha ikapungua tulipopima galoni. Sekunde 30, lita moja na nusu. Hiyo ni lita 180 kwa saa. Inazidi 168, ndiyo, ila kwa kiasi kidogo mno kwa petroli ya mwezi wa kumi mchana wa Dodoma, inapokuwa ya moto na kuanza kutoa mvuke hata kabla haijafika kwenye pampu.

Fundi umeme akaweka mita kwenye soketi ya pampu: volti 11.6, wakati kwenye betri kulikuwa na 14.1. "Kaka, hii pampu mzima. Inakufa njaa ya umeme tu." Waya wa asili ulikuwa wa pampu ndogo ya 1G, injini ya zamani ya gari hili, tena wa miaka zaidi ya ishirini. Tukavuta waya mpya wa milimita za mraba 4 moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) nyuma, na ardhi mpya kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Waya wa zamani umebaki na kazi ya kuiamsha rilei. Kuna mafundi wanaounga pampu kwenye swichi ya ufunguo ili "isisumbue". Sikubaliani nao hata kidogo: kompyuta ikiona injini imezima, inakata pampu. Ukiipita kompyuta, gari likipinduka na mpira ukapasuka, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, sidhani kama kuna mtu ukanda huu anahitaji kuhadithiwa petroli inafanya nini.

Baada ya waya: volti 13.7, na lita 1.9 kwa sekunde 30 kwenye baa 4. Lita 228 kwa saa. Hapo nikafuta chaki.

Mipira. Mpira wa nje ya tenki ni wenye maandishi J30R9, unaovumilia presha ya nozeli. Wa ndani ya tenki ni mwingine, J30R10, kwa sababu ule wa nje ganda lake halikutengenezwa kuloweshwa kwenye petroli; linalainika, linapasuka, na mafuta yanavujia ndani ya tenki lilelile. Utabadili pampu tatu ukidhani ndiyo mbovu. Kipande cha sentimita chache tu, na ilibidi kiagizwe Dar kije kwa basi hadi stendi ya Nanenane.

Wengi wamenishauri niweke tenki dogo la akiba kwenye buti, lile la alumini linalong'aa, ili mafuta yakihama kwenye kona pampu isinyonye hewa. Ni zuri kwa gari la mashindano. Gari langu linabeba watoto, na sitaki lita mbili za petroli yenye presha nyuma ya siti yao. Nimefunga kikombe chenye vilango vya njia moja kuzunguka pampu, humohumo tenkini. Kona za mlima Nyang'oro, njia ya Iringa, zitasema kama kinatosha tenki likiwa robo.

Hali ya sasa: injini inawaka, sailensi (mzunguko bila kukanyaga mafuta) imetulia, geji ya moshi inasoma 14.7, yaani uzito wa hewa 14.7 kwa moja ya petroli. Kwenye presha nitaanza na ramani ya 11.5, yenye petroli nyingi zaidi, salama kwanza. Kipimo kikubwa ni kushuka Morogoro, ambako mwinuko ni kama mita 500, nikiwa na kompyuta ndogo inayorekodi, gia ya pili tu, maana tochi za trafiki hazijui habari za mradi wangu. Nozeli zikivuka asilimia 85 kule, nitashusha presha ya turbo. Ya mafuta siigusi, kwa sababu ukiipandisha, lita za pampu zinashuka.