Nilivyopata mundu wa kukatia ua wa miti, baada ya kuunguza mmoja

"Chukua ulio mzito, uzito ndio unaokata." Huo ndio ushauri niliopewa na karibu kila niliyemuuliza, na ndio ulionichelewesha. Mundu wenye kichwa cha kilo moja na nusu hukata vizuri sana robo saa ya kwanza. Baada ya hapo kifundo cha mkono kinachoka, na chuma kinaanza kuangukia kinapotaka chenyewe.

Nasema mundu, lakini si ule mwembamba wa kuvunia mpunga. Huu ni wa miti: bapa pana la sentimita 20 hadi 25, ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, mpini mfupi. Kazi yake ni vijiti na matawi yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono. Zaidi ya hapo ni msumeno au shoka, na anayebisha atayaona makali yamepinda kama sikio.

Niliotulia nao una kichwa cha gramu 700 hivi. Dukani niliushika mpini kwa kulegea na kuuacha uning'inie mbele. Ncha inatakiwa iiname yenyewe polepole. Ikishuka kwa kishindo, kichwa kimezidi. Isipoinama kabisa, kila pigo utalisukuma kwa msuli wako.

Halafu unene. Mundu uliofuliwa na mhunzi hauna unene mmoja: karibu na mpini unaweza kuwa milimita 6 au 7, ukielekea kwenye ncha unakwenda 3, na kutoka mgongoni unapungua hadi kwenye makali. Ile inayokatwa kutoka kwenye bati nene ina unene uleule mwanzo hadi mwisho, kisha makali yanachongwa pembeni tu. Hiyo hukwama ndani ya mti, unabaki unaitikisa. Nilipitisha bapa katikati ya vidole viwili, nikakataa mitatu bila hata kutazama bei.

Ndoano yenyewe, yaani ile ncha iliyopinda, watu huiona pambo. Ndoano ya kina hushika vijiti vyembamba vinavyorudi nyuma ukivipiga, na husaidia kuvuta nje ya ua matawi uliyokwisha kukata. Lakini kwa kuchonga vigingi au kukata shina nene inasumbua, maana inanasa matawi ya jirani. Mimi nafanya kazi zote mbili, kwa hiyo nilichukua iliyopinda kidogo.

Uingereza, ambako kulaza ua (kukata mashina ya ua karibu yote na kuyainamisha yawe uzio hai) ni ufundi wa zamani, kila eneo lilikuwa na umbo lake. Wa Yorkshire una mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili na makali ya pili yaliyonyooka mgongoni. Wa Staffordshire nao una makali pande zote mbili, ila mpini ni mfupi. Makali yale ya nyuma si mapambo. Ukilaza mti unaukata kwa mshazari kuelekea chini, karibu na ardhi, mpaka ubaki ulimi mwembamba wa gome na mti kidogo unaoweza kupinda bila kukatika. Kisiki kinachobaki kimesimama hupunguzwa kwa mshazari ili maji yasituame, na hapo makali yaliyonyooka yanapita safi kuliko yaliyopinda. Kwa kufyeka msituni, hata hivyo, sikuyataka: ukiinua mkono katikati ya vichaka, makali ya nyuma yanakutazama wewe usoni.

Kitu ambacho hakuna aliyenitajia: mingine imenolewa upande mmoja tu, kama patasi. Inakwangua vizuri, ila ina mkono wake. Anayetumia kushoto akichukua wa kulia, kila pigo litapotoka. Wangu umenolewa pande zote mbili.

Sasa aibu yangu. Mundu wa kwanza niliununua uliotumika, kwa chini ya nusu ya bei ya mpya, na ulikuwa mzuri kweli: chuma cha pua kimeungwa kwenye makali, mwili chuma laini, mstari wa kiungo unaonekana. Ulikuwa butu tu. Badala ya tupa nikachukua grenda ya umeme, kwa haraka zangu. Cheche zilipendeza. Makali yakageuka manjano, kisha zambarau, kisha buluu safi kama shingo ya tausi, nami nikiendelea kujisifu. Ile buluu ni chuma kilichopata joto la nyuzi 300 hivi na kupoteza ugumu wake. Tawi la kwanza lilikatika. La tano liliyakunja makali, nikayanyoosha kwa nyundo, yakakunjika tena palepale.

Dawa yake ilikuwa kuila buluu yote. Nikaubana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nikapiga tupa kwa mkono mpaka nikaondoa karibu milimita 4, jioni mbili nzima. Na hapo tatizo jipya: makali yamerudi nyuma mahali ambapo bapa ni nene, kwa hiyo mabega, yaani pande za bapa nyuma ya makali, nayo yakahitaji kupunguzwa, la sivyo ungepasua kuni, usikate. Ukiona mundu uliotumika una kivuli cha buluu kwenye makali, ujue kuna mwenzangu alipita hapo.

Kwa ule wa pili nilikwenda na tupa mpya ndogo mfukoni, nikaomba ruhusa. Unagusa makali kwa kona ya tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamegeka kwenye fundo la mti. Ikizama kama kwenye msumari, ni laini. Inatakiwa ing'ate kwa shida. Gusa na mgongo: huko ing'ate kwa urahisi. Nanoa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi pande zote mbili kwa jumla, tupa ikielekea kwenye makali, kisha jiwe kuondoa uzi mwembamba wa chuma unaobaki upande wa pili. Kwa miti mikavu naongeza nyuzi kidogo.

Mpini ulikuwa unacheza. Usiumwagie gundi. Msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ulipita mpini mzima na kukunjwa mwishoni, kwa hiyo nilikata mkunjo kwa tupa, nikauchomoa, nikatoboa mpini mpya kwa keekee kwa hatua, tundu likiwa jembamba kuliko msuka. Kisha nikapasha moto msuka peke yake na kuuchoma ndani, bapa limefungwa matambara mabichi (buluu moja ilinitosha). Mti wa mpini uwe na nyuzi zilizonyooka toka pete ya chuma iliyo karibu na bapa hadi mwisho, na mwisho wenyewe uvimbe kidogo chini ya kidole cha mwisho, usije ukachomoka mkono ukiwa na jasho. Nilipaka mafuta ya kitani, vanishi hapana: inatoa malengelenge mkononi.

Halafu nikapiga rangi nyekundu sehemu ya mpini. Mundu wenye mpini wa rangi ya mti ukiuweka chini kati ya matawi uliyokata, utautafuta kwa mguu.